Kilomita ya Ishirini na Sita

Machame,
17 Novemba 1996

Mdogo wangu Aikande,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye ukungu. Sisi hatujambo, ukiacha magoti yangu, ambayo siku hizi yanatabiri mvua kuliko redio. Mama anakusalimu. Macho yake yanaona mwanga na kivuli tu, lakini masikio ni yale yale. Jana alikuwa nje kwenye zizi akampigia kelele mke wangu Gladness kwamba maziwa yanafurika jikoni, na kweli yalikuwa yanafurika. Kahawa tumeshachuma. Wanunuzi binafsi wanapanda na magari yao hadi mlangoni, na kila mmoja ni rafiki yako wa utotoni. Mimi bado nafundisha hesabu, na kwa sababu ya hii sauti yangu bado naitwa kwenye kila msiba kuandika na kusoma wasifu wa marehemu. Hapa kwetu mtu hazikwi mpaka Mwalimu Ebenezeri amemsoma.

Sasa tuje kwenye barua yako. Niliisoma mara mbili nikidhani Kiswahili kimeanza kukuponyoka. Unasema huko Ulaya barabara za Umeå zimejaa barafu, kwa hiyo mazoezi yako ya mbio ndefu unayafanya chini ya ardhi, kwenye ghorofa ya chini kabisa ya hospitali yenu, juu ya mashine yenye mkanda unaozunguka. Unakimbia saa mbili, ukishuka uko palepale. Mdogo wangu, sisi tunaye ng'ombe wa ndani ambaye humaliza siku nzima palepale, na hatujamnunulia mashine.

Nilimsomea Mama. Akauliza, "Sasa anafika wapi?" Nikamwambia hafiki popote, ndivyo mashine ilivyo. Akasema, "Hapana. Mtu akikimbia saa mbili, kuna mahali anafika."

Basi ili nisigombane naye nimekutengenezea barabara. Nimeipima kwa gari la Gidioni mwenye duka, nikiwa nimekaa mbele na daftari kama mkaguzi wa serikali. Anzia Moshi mjini, pale kwenye mnara wa saa. Kilomita ya 12, njia panda ya Machame, hapo unapinda na kuanza kupanda. Ya 18, duka la Gidioni. Ya 24, kanisani. Ya 26, geti letu. Ukipita geti, barabara inapanda kilomita chache tu na kuingia msituni, na huko hakuna mtu. Bandika karatasi hii mbele ya mashine, angalau ujue unakokwenda.

Krismasi tukutegemee? Miaka kumi na moja ni mingi, hata kwa mtu wa hesabu. Mama haulizi tena utakuja lini. Anauliza kama atakuwepo.

Kaka yako,
Ebenezeri

*

Umeå,
14 Desemba 1996

Kaka Ebenezeri,

Shikamoo. Mfikishie Mama shikamoo yangu, na wifi Gladness mpe pole ya kuishi na mkaguzi wa serikali. Mimi ni mzima. Jua linachomoza saa tatu na nusu asubuhi na kufikia saa nane mchana limeshachoka. Wagonjwa wangu ni wazee wapole. Mmoja ananiita kwa jina la binti yake nami nimeshaacha kumsahihisha.

Krismasi sitakuja. Zamu zimebana.

Karatasi yako nimeibandika ukutani. Wauguzi wenzangu waliuliza ni nini, nikawaambia ni ramani ya barabara ya kwetu, wakaniona wa ajabu, na wamezoea kuniona hivyo. Nakimbia kila Jumamosi saa tatu asubuhi, ambayo kwenu ni saa tano. Jumamosi iliyopita nilikimbia kilomita 12. Nilipofika njia panda yako nikasimamisha mashine, kwa sababu mazoezi ya siku yalikuwa yameisha. Nikasimama pale nikihema. Kaka, utanicheka, lakini nilisikia baridi ile ya Machame inayoshuka mtu anapopinda tu kutoka barabara kuu. Chumba kile hakina dirisha.

Ratiba imeandikwa na mwalimu wetu wa mbio. Umbali unaongezeka taratibu hadi kilomita 32 mwezi Machi, halafu Mei ndiyo mbio zenyewe, kilomita arobaini na mbili na ushee.

Habari za mwaka 1988 ulizoniuliza kwenye barua ya Agosti, tafadhali usiniulize tena. Sikuja kumzika Baba. Tuliache hapo.

Mdogo wako,
Aikande

*

Machame,
19 Januari 1997

Mdogo wangu,

Krismasi imepita na sote tumebaki hai, ingawa mbuzi hakubahatika. Ndugu zako wote wawili walikuja: Shedrack alitoka Dar na familia yote, Hellen akapanda kutoka Himo na gunia la vitunguu na maneno mengi kuliko vitunguu. Nilipewa kisu nigawe nyama kwa kuwa sasa mimi ndiye mkubwa, na wazee wakasema sijui hata kutofautisha kidari na ubavu. Wana haki. Baba alikuwa anagawa amefumba macho.

Nina jambo dogo la kukuuliza. Usicheke kwanza, mimi nimeshacheka kwa niaba yetu wote.

Jumapili baada ya ibada Gidioni alinivuta pembeni. Akaniambia, "Mwalimu, jana saa saba mchana kuna mtu amepita dukani kwangu anakimbia."

Nikamwambia, "Gidioni, hiyo ni barabara. Watu hupita."

"Huyu sikumwona."

"Sasa umejuaje amepita?"

"Kuku walimpisha. Wote, mara moja, huku na huku, kama wanavyompisha mtu. Na hatua zilisikika, pa, pa, pa, pa, hazina haraka. Zikaja mpaka hapa kwenye baraza, zikasimama. Mtu akahema. Halafu basi."

Nilimuuliza alikuwa amekunywa nini. Akakasirika, maana ni mzee wa kanisa. Jioni nikamsimulia Mama kama kichekesho. Mama hakucheka. Alisema, "Ni Aikande. Amefika kwa Gidioni," akaendelea kumenya ndizi.

Hiyo ilikuwa Jumamosi tarehe 11. Sasa nakuuliza kama mwalimu wa hesabu tu: siku hiyo ulikimbia kilomita ngapi?

Kaka yako,
Ebenezeri

*

Umeå,
8 Februari 1997

Kaka, shikamoo,

Natumaini barua hii inawakuta salama, na Gidioni amekusamehe. Hapa theluji imefika madirishani. Nimepandishwa cheo wodini, maana yake ni kwamba sasa ninalaumiwa na watu wengi zaidi.

Kumi na nane.

Nimeliandika kwanza ili nisipate nafasi ya kulificha. Tarehe 11 Januari nilikimbia kilomita 18 na nikasimama.

Leo nimekimbia 24. Kwenye ya ishirini na tatu nilisikia kwaya ikifanya mazoezi, ile sauti ya pili ya kina mama inayochelewa kidogo. Mashine ina kelele, Kaka. Hata simu haisikiki mle chini. Nilipobonyeza kitufe cha kusimama, kwaya nayo ikakatika.

Siogopi, au nasema siogopi. Ukweli ni kwamba siku nyingine sita za wiki nangoja Jumamosi. Ratiba ni hii: tarehe 22 Februari kilomita 26, tarehe 8 Machi 29, tarehe 22 Machi 32.

Najua unachotaka kusema kuhusu ya ishirini na sita. Usiseme.

Aikande

*

Machame,
9 Machi 1997

Mdogo wangu Aikande,

Salamu. Gladness hajambo, ng'ombe amezaa ndama jike, masika inanukia. Hizo ndizo habari njema na nimezimaliza.

Tarehe 22 Februari niliandika barua nikaichana. Niliona aibu, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili mwenye cheti cha ualimu. Siku hiyo Mama alijipaka mafuta, akavaa gauni la kanisani, akaomba kiti kiwekwe getini tangu saa nne. Mimi nikakaa naye nikijifanya nasahihisha madaftari. Ilipokaribia saa nane nikasikia. Hatua zilikuja kutoka chini, upande wa migomba ya jirani, zikapanda kile kilima kidogo unachokijua, zikasimama getini. Mkono wangu ungeweza kukugusa. Mbwa alisimama akatikisa mkia, mbwa yule yule anayembwekea mchungaji. Mama akasema, "Ingia, mwanangu." Pumzi ikaendelea kwa dakika nzima, halafu hapakuwa na kitu.

Jana sikuwepo. Niliitwa kusoma wasifu kwenye msiba wa mzee mmoja kule ng'ambo ya mto. Gladness alikuwa anakamua. Mama alikuwa getini peke yake, na wewe ulipita, Aikande. Hukusimama. Ulikuwa na kilomita 29 za kumaliza.

Mama akainuka akakufuata.

Nilirudi saa tisa nikakuta kiti kitupu. Tulimpata saa kumi na moja jioni, juu, mahali mashamba yanapokwisha na msitu unapoanza, ameketi kwenye gogo, kiatu kimoja hana, gauni limelowa hadi magotini. Ana miaka themanini na moja. Nikambeba mgongoni, mimi na haya magoti yangu. Njiani alisema sikioni mwangu, "Amepita tena."

Nikauliza, "Tena? Lini kwanza?"

"Siku tulipomzika baba yako. Alifika getini na begi, amelowa. Ulikuwa unasoma. Akasikiliza, akageuka. Nilikuwa nimeketi na wajane wenzangu, sikuweza kuinuka kabla baba yenu hajashushwa. Nilijua atarudi jioni."

Miaka tisa hakumwambia mtu.

Sasa mimi nami niseme langu. Wasifu wa Baba niliuandika usiku kwa mkono wangu. Niliandika, "Ameacha mjane na watoto wanne." Asubuhi tulikuwa tumeshapeleka simu tatu za maandishi, telegramu, na hukujibu hata moja. Watu wananiuliza, yule wa Ulaya yuko wapi? Nikashikwa na hasira. Nikachukua kalamu nikafuta wanne nikaandika watatu, nikasoma hapa nyumbani kwenye spika tuliyoazima kanisani, kijiji kizima kikasikia. Nilidhani naliadhibu jina tu. Sikujua mwenye jina yuko getini.

Tarehe 22 umepanga 32. Ukipita hapa unapanda kilomita sita hadi ndani ya msitu kwenye mvua, naye atakufuata hata nikimfunga kamba. Ameshasema hivyo waziwazi. Barua hii haitawahi, kwa hiyo kesho nateremka posta Moshi kukupelekea simu ya maandishi.

Nisamehe.

Ebenezeri

*

Umeå,
16 Machi 1997

Kaka, shikamoo,

Natumaini Mama ni mzima. Naandika hivyo mwanzo kama kawaida, lakini safari hii nauliza kweli.

Simu yako imefika. SIMAMA KILOMITA 26. USIPITE NYUMBANI. MAMA ANAKUFUATA. Namwonea huruma karani aliyeipokea. Kesho nitajibu kwa njia hiyo hiyo ili upate kabla ya Jumamosi. Hii barua itakuja na miguu yake.

Tarehe 8 nilijaribu kusimama, Kaka. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nilimwona Mama kwenye kiti, amevaa gauni la kanisani, na miguu yangu ikafanya ilichokifanya zamani.

Nilikuja kumzika Baba. Simu zenu zilinikuta nikiwa nimeshaondoka hapa, kwa sababu niliota ndoto nikakata tiketi bila kungoja. Mvua ilikuwa imekata barabara, gari likanishusha njia panda. Nikavua viatu vya kisigino nikavitia begini nikapanda kilomita kumi na nne nikikimbia, mimi ambaye sikuwahi kukimbia hata kuwahi kengele ya shule. Niliwahi. Nilifika getini sauti yako inatoka kwenye spika. "Ameacha mjane na watoto watatu."

Sikukasirika. Nilihesabu. Ebenezeri, Shedrack, Hellen. Hesabu ilikuwa imetimia. Nikageuka.

Tangu siku hiyo nakimbia. Sijui kama mtu aliyefutwa anaweza kusimama getini na kusema hodi. Jumamosi nitajaribu. Nitakimbia 26 tu.

Aikande

*

Machame,
23 Machi 1997

Mdogo wangu Aikande,

Salamu kutoka kwa wote. Na safari hii wote ni wengi kidogo kuliko kawaida.

Simu yako, NITASIMAMA JUMAMOSI NISUBIRINI NJE, niliipata Alhamisi. Barua yako kama ipo bado iko njiani. Nilifanya nilichoona kinafaa, na kama nimekosea, mimi ni mzoefu.

Jana mvua ilinyesha asubuhi ikaacha. Nilimweka Mama getini, Gladness upande huu, mimi upande ule. Nilikata jani la isale pale kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, nikalifunga fundo. Unajua wewe mwenyewe: mtu akiombwa msamaha kwa isale hawezi kukataa kusikiliza, hata kama umemuulia ndugu. Mkono wa pili nilishika karatasi. Nimesoma wasifu wa watu mia na zaidi, lakini jana nilikuwa kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Gladness akaninong'oneza, "Mwalimu, umeshika karatasi kichwa chini."

Hatua zikaja. Zilikuwa nzito. Zikasimama. Nikanyoosha isale mbele yangu kwenye hewa tupu, nikasoma kwa sauti yote niliyopewa, majirani wote wakanisikia na sasa wananiona kichaa: kwamba mzee wetu aliacha mjane na watoto wanne, Ebenezeri, Shedrack, Hellen na Aikande, na kwamba aliyesema vinginevyo alikuwa mwongo na yuko hapa amesimama.

Kisha jani likavutwa mkononi mwangu. Taratibu, kama mtu anavyopokea barua.

Geti likasukumwa. Mama akanyoosha mkono, ukapokelewa. Wakaingia ndani pamoja, mama yetu akiegemea mahali ambapo mimi niliona ukuta tu.

Toka jana hajauachia huo mkono. Amekula mtori, supu ile ya ndizi, bakuli zima, kitu ambacho hajafanya tangu Krismasi. Gladness alitenga la pili kwa heshima tu. Limepungua nusu. Asubuhi Mama alikuwa anaongea Kichagga chumbani, anasimulia, ananyamaza kama anayesikiliza, anacheka. Ana furaha, Aikande. Sijamwona hivi toka Baba afe.

Mimi nafurahi naye. Ila nilipopita mlangoni kwao nilisikia baridi, na mbwa sasa haingii ndani. Niandikie upesi. Niandikie lolote, hata matusi, nijue u mzima.

Kaka yako,
Ebenezeri

*

Umeå,
12 Aprili 1997

Kaka Ebenezeri,

Shikamoo. Barua zako mbili zimefika siku moja. Ya kwanza nimeisoma nikalia, ya pili nimeisoma nimekaa sakafuni. Nimekusamehe. Nilikusamehe siku ile ile nilipopokea isale. Nililihisi mkononi, lina umande, na hapa mkononi hamkuwa na kitu.

Umeniuliza kama ni mzima. Mimi ni muuguzi, nimejipima. Mapigo ya moyo yapo, homa sina. Lakini milango ya hospitali yetu ni ile inayojifungua yenyewe mtu akikaribia, na tangu Jumamosi ile haijifungui nikija mimi. Nasimama nje kwenye baridi mpaka mtu mwingine aje, halafu naingia nyuma yake. Juzi muuguzi mwenzangu alikuja kukikalia kiti nilichokuwa nimekikalia. Aliruka, akaomba radhi mara tano, akasema hakuniona. Yule mgonjwa wangu mzee haniiti tena kwa jina la binti yake. Anaangalia mlango wakati mimi nimesimama mbele yake namlisha.

Nimepanda mashine mara moja tu. Mkanda ulizunguka, nikakimbia kilomita tano, na hatua zangu sikuzisikia. Nikashuka. Mbio za Mei nimejitoa. Mwalimu wetu aliuliza kwa nini, nikamwambia nimeshafika.

Nimeacha kazi. Nimekata tiketi ya kwenda tu. Nafika Jumamosi tarehe 3 Mei, nitashuka njia panda na nitapanda kwa miguu, polepole, kwa kuwa sina uhakika nitakuwa na nguvu kiasi gani. Usije kunipokea, unaweza ukanipita.

Mwambie Mama asimwachie mkono huyo mimi aliyetangulia kufika kwenu. Ale, acheke, amsimulie yote, lakini asimruhusu atoke hata uani mpaka mnione getini. Kilichobaki huku ni kidogo, Kaka, na hicho ndicho kinachopanda ndege.

Mdogo wenu, wa nne,
Aikande